Msiba Tuliouigiza kwa Mama Egno

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wanaotaka kucheka wacheke kwanza, nitawasubiri. Kazi ya kupiga na kuhariri video za muziki niliianza nikiwa na ishirini na moja, pale Majengo, Songea, na mwezi uliopita niliiweka kamera chini. Mafao sina, keki ya kuagwa sikukatiwa. Fide, mwenye studio, anasema alinifukuza. Mimi nasema nimestaafu, na kwa kuwa anayeandika hapa ni mimi, litabaki neno langu.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliobaki pale, na wa studio nyingine hapa mjini. Wiki iliyopita mmoja wenu alinitumia ujumbe: "Dada Imelda, shikamoo. Tunaomba utueleze uliipigaje ile sehemu ya mama anaingia msibani. Kaka Fide anatufundishia." Ile shikamoo peke yake iliniuma, maana sijafika huko. Lakini neno lililonitoa jikoni nikaacha maharage yaungue ni hilo la mwisho. Anatufundishia. Haya. Na mimi nitawafundishia, ila nitaanza mwanzo, kwa sababu mkiambiwa mwisho tu mtadhani nilizaliwa na roho mbaya.

Vyeo sitavieleza. Kwenye studio ya watu watatu cheo ni nani anakalia kiti chenye mgongo.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa sketi ya kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu hakuwaonyesha wageni, na kichwani nilikuwa na ndoto moja: nitengeneze video ya wimbo ambayo hata ukizima sauti utalia. Nilimweleza hivyohivyo Mzee Hyera, fundi wa siku nyingi wa video za harusi, aliyekuwa anaiendesha studio kabla ya mpwa wake Fide kuichukua. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanipa waya wa mita ishirini.

"Kunja."

Nikauzungushia kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi.

"Umeua waya. Rudia. Fuata unavyotaka wenyewe kulala."

Nilikunja waya siku tatu. Siku ya nne nikaruhusiwa kushika taa, na wiki ya pili nikashika kamera yenyewe. Ilikuwa kubwa, nzito upande mmoja, na ile taa nyekundu ya mbele ilikuwa imezibwa kwa gundi nyeusi ya mafundi umeme. Nikamuuliza kwa nini.

"Watu wakiiona nyekundu wanakaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho," akasema. "Nikiiziba, shangazi mtu anacheza."

Lakini alikuwa na sheria yake. Akishampata shangazi anacheza, baadaye anamfuata na kioo cha kamera, anamwonyesha. Shangazi akicheka, picha inabaki. Akisema "toa hiyo", inatolewa hapohapo, mbele yake, hata kama ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Nilimwona akifuta vitu ambavyo mimi ningelilia. Nilidhani ni upole wa kizee tu.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya kwaya. Ukiishi Songea na una kamera, kwaya zitakulisha. Na kwaya inataka kila neno lionekane. Wakiimba mvua, vidole juu. Wakiimba moyo, mikono kifuani. Wakiimba safari, wote wanatembea pale walipo, sare za kitenge zinapepea, nyuma yao bustani ya nyumba ya wageni. Nilipiga bustani ile mpaka mtunza bustani akawa ananiuliza mwaka huu tupande maua gani.

Wasanii wa mjini nao walikuwa na yao. Kijana anaimba kwamba mapenzi yamemmaliza hana hata nauli, lakini kwenye video ameegemea gari la kifahari la mtu, na mwenye gari amesimama pembeni ya kamera anasema, "Usikae hapo juu, rangi." Hayo nayo nilipiga. Nilicheka sana miaka ile.

Mzee Hyera ndiye aliyenitoa huko. Siku moja tunahariri, akazima sauti, akasema, "Wimbo umeshasema ameachwa. Wewe unanionyesha analia. Sasa nimelipia kitu kimoja mara mbili." Akaniacha na hilo. Wimbo uliofuata ulikuwa wa kijana aliyeachwa na mkewe, na msichana sikumwonyesha hata kidogo. Nilimpiga jamaa anatoka nyumbani kwenda mashine ya kusaga. Siku ya kwanza ndoo mbili za mahindi, siku nyingine ndoo moja, mwisho anabeba kisado kwa mkono mmoja na mkono wa pili hajui auweke wapi. Basi. Mama mmoja wa sokoni aliniambia, "Ule mkono, binti yangu, ule mkono umeniua." Nilitembea hadi nyumbani ninajiimbia.

Hiyo ndiyo imani niliyoshika. Pale maneno ya wimbo yanapoishia, picha iingie. Kile ambacho mwimbaji anaogopa kukisema, kamera ikiseme. Bado naamini ni kweli kwa ufundi. Ngojeni mwone ilinifikisha wapi.

Jambo lingine la kazi ni la mwendo, mtalihitaji ili mnielewe huko mbele. Ukitaka picha iende taratibu na midomo ya mwimbaji ilingane na wimbo, siku ya kupiga unauchezesha wimbo kwenye spika mara mbili ya mwendo wake. Mwimbaji anaufukuzia hivyohivyo, mbiombio, na ukija kupunguza mwendo kwenye kompyuta kila kitu kinakaa sawa. Kwenye video unaona huzuni nzito. Siku ya kupiga unasikia panya anaimba. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Sasa Osmund. Alikuwa anafanya kazi mashine ya kusaga Mfaranyaki, mrefu, mkimya, nyusi zake nyeupe kwa unga. Alikuja na wimbo wa gitaa moja na ngoma ndogo, anamwimbia kaka yake, Egno. Koti lako nimelivaa, linanipwaya mabegani. Jembe lako nimelishika, mpini haunitambui. Mahindi yamekomaa, njoo uyaone. Hakuna mahali anasema kaka yuko wapi. Niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni na chai mkononi, na chai ikapoa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Egno alikwenda kuchimba vito upande wa Tunduru, na miaka minne iliyopita shimo lao likatitia. Wenzake walitolewa, wakazikwa. Yeye hakuonekana. Mtu mmoja akasema alimwona siku mbili kabla, kwenye mtumbwi wa kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Egno, akalishika neno la mtu huyo mmoja, hakuliachia. Matanga hayakukaliwa. Padri alipokwenda kumweleza habari ya misa ya marehemu, alimpikia kuku, akamwambia kwa heshima kwamba misa anaitaka, ila ile ya kumwombea msafiri.

Nilimuuliza Osmund, "Huu wimbo unaogopa kusema nini?"

Akajipangusa unga kwenye nyusi. Halafu akasema, "Kwamba amekufa. Mbele ya mama siwezi."

Mnaona. Nilikuwa nimefundishwa nitafute pale wimbo unapoogopa, na mtu amenionyesha kwa kidole. Nikapanga hadithi: Osmund anafanya kazi na koti kubwa la kaka yake, mchana baada ya mchana, na katikati yake tunakata kwenda kwenye msiba ambao wimbo hauutaji. Wanawake kwenye mikeka, moto uani, wanaume kwenye mabenchi, picha ya Egno juu ya kimeza. Osmund amekaa katikati ya waombolezaji anaimba, na wote wanakwenda taratibu kama walio chini ya maji. Niliandika yote kwenye daftari. Nilifurahi. Nawaambia ukweli ili mjue: nilifurahi.

Mimi nilitaka tukodi nyumba mjini. Fide akasema, "Ya nini? Kwao Osmund kuna ua mpana, ukuta wa matofali ya kuchoma, jioni mwanga unaingia vizuri."

Kwao ni kijijini, njia ya kwenda Hanga. Osmund akasema mama yake anakwenda Namtumbo kwa dada yake, anarudi Jumapili. Tupige Ijumaa.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Nitamwonyesha ikishakuwa nzuri."

Na mimi, niliyefundishwa na Mzee Hyera, nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kuchaji betri.

Ijumaa tukafika na wanawake tisa wa kwaya ya mjini, wazuri wa kulia, kanga zimefungwa viunoni. Tukatandika mikeka, tukawasha moto. Osmund akatoa ndani picha halisi ya kaka yake, akaiweka kwenye kimeza na ua la plastiki. Spika ndogo tuliiweka karibu na miguu yake. Nikaziba taa nyekundu, mazoea.

Tulikuwa tumerudia mara mbili au tatu mama mmoja alipoingia getini na bakuli la unga limefunikwa kitambaa. Bibi Filotea, jirani wa nyumba ya chini. Sikumjua. Akamwinamia mmoja wa wanakwaya wetu, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wamempata?"

Mwanakwaya yule alidhani bibi naye ni mwigizaji, kaletwa na Osmund kutoka huko kijijini. Na kwa kuwa kazi yake siku hiyo ilikuwa kulia, akamkumbatia, akalia zaidi.

Hapo ndipo tulipomwua Egno. Bibi Filotea akapiga ukunga. Mlijue hilo, ninyi wa mjini mnaojua vilio vya kuigiza tu: ukunga wa kweli hausubiri kuitwa. Watu wakaanza kuja. Mmoja na kuni, mwingine na unga, mwingine maharage kwenye kanga. Wanaume wakaja na majembe mabegani kutoka shamba, wakaweka chini, wakakaa. Kamera haikumshangaza mtu, siku hizi msiba gani hauna mpiga video. Wote walikuwa wanaulizana jambo moja, wamempata wapi, na wanakwaya wetu wanajibu kwa vilio.

Fide akaninong'oneza, "Usizime. Hawa ni bora kuliko wa kwaya."

Nilijiambia ni wanakijiji wamekuja kutusaidia. Nilijidanganya hivyo labda dakika tano. Baada ya hapo nilijua, na sikuzima. Naandika hili neno kwa neno kwa sababu Fide hatawaambia.

Mama Egno alipata lifti ya lori la mahindi, akarudi siku mbili kabla. Kumbe huko barabarani mtu alishampa pole. Aliingia getini na kikapu kichwani, na kamera yangu ilikuwa inatazama geti. Hakulia. Alikishusha kikapu. Akaanza kuangalia nyuso, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta nani kati yao ndiye atakayemwambia. Akafika kwenye picha. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini, si kwenye mkeka, kwenye udongo, miguu imenyooka. Nilikuwa ninasogeza lenzi taratibu. Mkono wangu haukutetemeka. Hicho ndicho mnachofundishwa, kwamba mkono haukutetemeka.

Vilio vilipopungua kidogo ndipo ikasikika ile spika. Wimbo ulikuwa bado unakwenda kwa mwendo ule wa mara mbili. Panya alikuwa anamwimbia mama wa watu.

Osmund akaruka, akaizima, akapiga magoti. "Mama, ni video. Video ya wimbo wangu."

"Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyetuambia, mama. Tunaigiza tu."

"Nakuuliza nani kawaambia amekufa."

Mimi nilikuwa bado ninarekodi.

Mama akasimama, akajipangusa udongo, akawaambia majirani waende makwao. Wengine walikwenda wanatikisa vichwa. Waliona habari imekuja na mama amekataa kuipokea. Vyakula walivyoleta waliviacha. Kitu cha msiba mletaji habebi tena.

Nilihariri siku sita. Pale mama anapoingia nilikata wimbo kabisa, nikaacha sauti ya kikapu kinagusa chini, kisha kimya, halafu gitaa linarudi kwa mbali kama linaomba ruhusa. Ingekuwa imeharibika ningekuwa na amani. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo nikipiga pasi nachoma nguo.

Ikaenda mtandaoni. Sifa zikaja. Huyu mama apewe tuzo. Huyu mama kazaliwa kuigiza. Mmetuliza, Songea hoyee, na vikaragosi vya machozi mstari mzima. Mtu mmoja aliandika kwamba anairudia kila asubuhi akinywa chai. Mungu amsaidie na chai yake.

Mzee Hyera, ambaye sasa yuko kwake Mbinga na macho yanamsumbua, alisimuliwa na mjukuu. Akanipigia. Hakunisifu.

"Yule mama ulimwonyesha?"

Nikasema mtandao unakatika, mzee, sikusikii. Nikakata simu. Nilikuwa ninamsikia vizuri kabisa.

Ilinichukua wiki nyingine nzima kupata ujasiri wa kwenda. Nilikwenda peke yangu, na sukari kwenye mfuko, kama sukari ina maana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamera."

"Ndiyo mama."

Akanipa kigoda. Hakunitukana, na hilo ni baya kuliko kutukanwa, maana ukitukanwa unapata kitu cha kushika. Akaendelea kupukuchua mahindi, maneno yakawa yanatoka katikati ya punje.

"Miaka minne nikienda kisimani watu wananiuliza, Egno kapiga simu? Nasema bado. Wananiambia, atapiga tu. Tunajaza ndoo tunaondoka. Wengine walikuwa hawaamini, nawajua, lakini walikuwa wanauliza. Sasa nikifika wananyamaza. Na wananiita Mama Osmund. Eti wasinitoneshe." Akatupa gunzi. "Mmemzika mwanangu, binti. Mkazika na jina langu."

"Unataka tufanye nini, mama?"

"Itoe."

"Nikitoa uso wako tu, wewe usionekane?"

"Uso ni uso tu, hata ukae. Utoe ule msiba."

Nikarudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa Fide. Alikuwa kwenye kiti chenye mgongo.

"Ime, ile ndiyo inayotutambulisha. Watu wanatoka Njombe kwa ajili ya ile."

"Mwenyewe anataka itolewe."

"Mwenyewe ni Osmund. Wimbo wake."

"Na mama je?"

"Atazoea. Wenye msiba huwa wanazoea."

"Hana msiba, Fide."

"Sasa kama hana, analia nini?"

Nikamwambia nitaihariri upya bila gharama ya mtu yeyote, niondoe matanga yote, libaki koti na mashine na jembe. Akacheka. "Nani atakaa dakika tatu anaangalia koti?"

Nikamtafuta Osmund kule Mfaranyaki. Tulisimama nje kwa sababu ya kelele ya mashine. Alikuwa analia, lakini kichwa kinakataa. "Dada, nimesaga unga wa watu tangu nina miaka kumi na saba. Nikiitoa ile, mimi ni nani?" Huyo sikumkasirikia kama Fide. Nilimkasirikia kwa namna nyingine, inayouma zaidi, kwa sababu ndoto yake ninaijua, niliwahi kuivalia sketi ya kanisani.

Kesho yake mchana Fide alikwenda kula ugali na dagaa wa Nyasa, kama kawaida yake, na akishaketi pale hanyanyuki mapema. Neno la siri la akaunti ninalo, mimi ndiye niliyeifungua. Nikaitoa mtandaoni. Nikafungua diski, nikafuta hariri, nikafuta na picha zote ghafi za siku ile, uani, getini, kikapu. Kulikuwa na diski ya akiba. Nikafuta na ya akiba. Halafu nikafuta hata zile za koti, ambazo hazikuwa na kosa, kwa sababu nilijijua: ningebakiza kipande, siku moja ningesema kidogo tu.

Fide akarudi na kijiti mdomoni.

"Umefanya nini?"

"Nimestaafu."

Aliyosema baada ya hapo siandiki, kuna mabinti wadogo kati yenu.

Sasa mtaniuliza, kama ulifuta, tunafundishiwa nini? Mnafundishiwa nakala ya simu. Watu walishaipakua, wakarushiana. Sikufuta kitu, mdogo wangu, nilifuta sehemu yangu. Inayochezwa hapo studio ina maandishi ya mtu pembeni na rangi imekufa, na bado Fide anaisimamisha pale mama anapokaa chini, anasema tazameni uvumilivu wa kamera. Mwambieni kamera haikuvumilia chochote. Aliyevumilia alikuwa na kikapu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kijijini kumwambia Mama Egno kwamba nimeiondoa mtandaoni.

"Kwa jirani hapo wanayo kwenye simu," akasema. "Jana wameicheza."

Akaniangalia, akaniambia niingie ndani. Chumbani, kwenye kona, juu ya ubao, kulikuwa na unga na maharage ya siku ile. Bakuli na vifurushi kumi na moja, kila kimoja na kitambaa chake, vimefungwa vilevile vilivyofungwa na wenyewe. Unga mwingine ulikuwa umeanza kuingia wadudu. Mwaka huu mvua zilichelewa na nilijua anakula mlo mmoja.

"Hujaugusa, mama?"

"Nikiula nimekubali. Beba."

Tukaanza nyumba ya juu. Mimi nimebeba beseni kichwani, yeye mbele. Kwenye kila mlango alisema hivi: "Nimekuja kurudisha. Hapakuwa na msiba. Huyu atawaeleza." Kisha ananisogeza mbele. Na mimi nikasema hivi: "Ilikuwa video. Niliipanga mimi. Hakuna mtu aliyeleta habari yoyote ya Egno." Wa kwanza alipokea macho chini. Wa pili alinitazama kuanzia miguuni. Wa tatu alikuwa mzee mwenye redio, akakataa.

"Mama Osmund, cha msiba hakirudishwi. Ni mkosi."

"Si cha msiba," akasema mama, akakiweka kizingitini.

Nyumba ya sita mwanamke mmoja kijana akauliza, tena si kwa ubaya, "Lakini mama, mbona wewe mwenyewe ulikaa chini? Tulikuona."

"Nilikaa kwa sababu niliwaona ninyi mnalia. Nikasema hawa majirani zangu hawawezi kunilia uongo."

Yule mwanamke akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nilitazama kuku.

Kumi na moja ni nyingi, wadogo zangu. Hakuna kukata, hakuna gitaa, hakuna kurudia ukikosea. Unasema maneno yaleyale, na kila mlango yanakuwa mazito, na mtu yuko pale mbele yako anakutazama kwa mwendo wa kawaida. Wanne walikataa kupokea. Wengine walipokea na sikujua wameamini nini.

Ya mwisho ilikuwa nyumba ya chini, kwa Bibi Filotea, yule wa kwanza kuleta. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga za maboga. Mama akasema yake, nikasema yangu. Bibi akachukua bakuli lake, akafungua kitambaa, akanusa unga, akafunga tena.

"Wewe binti. Huyo Egno yuko wapi?"

"Sijui, bibi."

"Hujui."

"Sijui."

"Sasa mikeka mliitandika ya nini?"

Nilibaki nimesimama na beseni tupu. Bibi akachukua jani lingine la boga, akalivua nyuzi mpaka mwisho, na alipozungumza tena hakuwa anazungumza na mimi.

"Kesho ukienda kisimani unipitie," akasema. "Usiende peke yako, Mama Egno."